Kikohozi cha Msimamizi

Wakili Zuber Uwesu alikuwa na kipaji kimoja ambacho mkewe alikiita ugonjwa: mtu akianza kumsimulia shida yake, yeye keshaimaliza. Ukisema "bosi wangu," anakurukia, "hajakulipa likizo." Ukisema "nilianguka," anamalizia, "kazini, mguu wa kulia, na hawakupeleka taarifa mfuko wa fidia." Mara saba katika kumi alipatia. Zile tatu zilizobaki hakuwa mtu wa kuziweka moyoni.

Miaka kumi na minane alikuwa akila kwa kesi za watu waliofukuzwa, waliopunjwa na waliosahauliwa kwenye mafao. Kibao chake kilining'inia juu ya duka la mabati mjini Tukuyu, kikisomeka AJIRA, MAFAO, FIDI, kwa kuwa mvua ilishailamba herufi ya mwisho. Kila mwaka aliapa kuirudisha. Wateja walimwita wakili msomi, naye hakuwahi kumkatiza mtu aliyekuwa akitamka maneno hayo mawili.

Jumatatu moja asubuhi walipanda ngazi zake mume na mke kutoka Kisondela. Mume, Alinanuswe, alibeba mkungu wa ndizi begani. Mke, Jenifer, alibeba mimba ya miezi saba na bahasha ya kaki. Waliketi kwenye benchi wote wawili wakiwa wamelowa, mkungu ukawekwa katikati yao kama mtu wa tatu. Ndani ya bahasha kulikuwa na barua ya kampuni moja ya kufungasha maparachichi, iliyosainiwa na meneja wake, Nelson. Jenifer alikuwa amefukuzwa kazi kwa kosa la kuondoka kwenye mstari wa kuchambua matunda bila ruhusa mara kumi na moja ndani ya wiki tatu.

"Umepewa lini barua hii?" Zuber aliuliza.

"Leo siku ya ishirini na nne."

"Ishirini na nne! Sheria inakupa siku thelathini tu za kulalamika. Mlikuwa wapi siku zote hizi?"

"Tulikuwa tunazungumza nyumbani," alisema Alinanuswe, akiangalia viatu vyake.

Mtu mwingine angejiuliza ni mazungumzo gani hayo ya wiki tatu na ushei. Zuber alikuwa ameshachukua kalamu.

Jenifer alieleza haja yake kwa sauti ndogo, kama anayeomba chumvi kwa jirani asiyemzoea. Mtoto alitarajiwa mwezi wa sita. Akirudishwa kazini kabla ya hapo, atapata likizo ya uzazi, siku themanini na nne kwa mshahara kamili. Asiporudishwa hana kitu. Maparachichi yao ya shambani mwaka huu yalipigwa na mvua ya mawe yangali machanga, na mumewe alikuwa na kibarua cha kubahatisha tu. "Nazitaka hizo siku themanini na nne, wakili," alisema. "Sitaki kingine."

"Utazipata. Sasa niambie, kwa nini ulikuwa unaondoka mstarini?"

Swali lilikuwa zuri, tena ndilo lililotakiwa. Tatizo ni kwamba Zuber alikuwa mwuliza maswali hodari na msikilizaji dhaifu. Jenifer alivuta kanga yake, akaifunga upya, akaifungua.

"Alipokuja msimamizi mpya..."

"Alikunyanyasa?"

"Hapana! Hapana, wakili. Ni mtu mwema sana huyo."

"Basi ni mimba. Usione haya, mama. Miezi sita, miezi saba, unasimamishwa kwenye sakafu ya saruji kutwa nzima, haja ikikubana lazima utoke. Wamekufukuza kwa sababu ya ujauzito. Hiyo ni kesi inayojisemea yenyewe!"

Alinanuswe alisafisha koo. "Wakili, hilo la msimamizi, kuna jambo la kinyumbani pale..."

Zuber aliinua kiganja. "Bwana Alinanuswe, ya nyumbani yabaki nyumbani. Sheria haina sebule." Sentensi hiyo ilimfurahisha kiasi kwamba aliiandika pembeni ya daftari asije akaisahau. "Huyo msimamizi anaitwa nani?"

Jenifer akainamisha kichwa. Jibu lilitoka kwa mumewe. "Mwakatobe."

"Na ninyi?"

"Mwakatobe."

Wakili msomi alicheka. "Tukuyu hii bwana! Ukiita Mwakatobe sokoni, nusu ya soko inageuka." Akaandika jina, akapiga mstari chini yake, akaendelea na kazi.

*

Jioni aliisomea familia barua ya madai. Familia ni mkewe Rahima, muuza vitenge sokoni, aliyekuwa akimenya ndizi za yule mteja ili apike mbalaga.

"Sikiliza hapa," alisema Zuber, amesimama katikati ya sebule ambayo sheria haina. "'Tunadai pia kwamba msimamizi husika, Bwana Mwakatobe, aletwe mbele ya msuluhishi yeye mwenyewe, asimame uso kwa uso na mteja wangu, amtazame machoni, na aeleze ni binadamu gani asiyemruhusu mjamzito kwenda msalani.' Unaonaje?"

"Tamu," alisema Rahima. "Umemuuliza huyo dada kwa nini alikuwa anatoka?"

"Nimemuuliza."

"Akasemaje?"

Zuber alikunja karatasi mara mbili. "Mimba."

"Alisema yeye?"

"Ilieleweka, Rahima. Mimi ni mtu wa sheria, najua kusoma uso."

"Mimi nauza vitenge tu," mkewe alisema, akitumbukiza ndizi kwenye maji. "Ila mteja akiingia, namwacha ataje rangi mwenyewe. Nikimtajia mimi, anatoka na kitenge asichokitaka, kesho anakirudisha. Debe tupu, mume wangu, lilianza kuvuma kabla hata hujazaliwa."

Zuber alisema kwamba sheria si vitenge. Usiku ule alilala vizuri, jambo ambalo baadaye alilikumbuka kwa aibu.

*

Wiki nne baadaye shauri liliitwa mbele ya tume ya usuluhishi wa kazi. Msuluhishi, Bi Doreen, alishuka kutoka Mbeya asubuhi ile akiwa na mashauri matano ya kusikiliza, akapewa chumba cha kuazima kilichokuwa na meza moja, viti sita, mlango wa mbele wa kutokea barazani na kimlango cha nyuma cha kwenda chooni. Nje mvua ilikuwa imeanza tangu alfajiri na haikuonyesha dalili ya kuchoka. Jenifer aliketi mkono wa kulia wa wakili wake, tumbo limegusa meza. Alinanuswe alikaa nyuma yao. Upande wa pili alikaa meneja Nelson peke yake, kijana aliyeletwa na kampuni kutoka Dar es Salaam, akiangalia saa kila baada ya dakika mbili kwa sababu lori la baridi lilikuwa linamsubiri Nkunga.

Zuber alivaa suti ya bluu, ile ya kesi za kushinda.

"Msimamizi mliyemtaka nimemleta," alisema Nelson. "Anakung'uta koti la mvua hapo barazani, anaingia sasa hivi."

"Vizuri sana," alisema Zuber. "Uso kwa uso."

Alihisi kitu kikimgusa kiwiko. Alikuwa Jenifer, amegeuka rangi. "Wakili, yeye mwenyewe anakuja? Humu ndani?"

"Nimemwita mimi," alisema Zuber kwa fahari.

Hapo barazani mtu akakohoa. Kilikuwa kikohozi kirefu, cha taratibu, cha makusudi, cha mtu asiye na mafua hata kidogo. Kabla hakijaisha Jenifer alikuwa amesimama, kanga imefunika kichwa, na kwa wepesi ambao daktari yeyote wa hospitali ya Makandana angeukataza, alipita nyuma ya kiti cha Zuber, akafungua kimlango, akatoweka kwenye mvua. Alinanuswe alisimama, akakaa, akasimama tena, akamfuata mkewe.

Mlango wa mbele ukafunguliwa. Aliingia mzee mrefu, mkavu, kofia mkononi, akasimama akitazama dari hadi alipohakikisha kwamba kiti cha Jenifer kiko tupu. Ndipo alipowasalimia.

"Mlalamikaji yuko wapi?" aliuliza Bi Doreen.

"Amekwenda msalani, mheshimiwa," Zuber alijibu, na hata hapo alijipongeza moyoni. Aliona mteja wake ametoa ushahidi bila kufungua kinywa. "Hali yake si mnaijua. Ndiyo hoja yetu nzima."

Wakangoja. Dakika tano zikapita, zikaja kumi. Mzee alikuwa akizungusha kofia yake vidoleni na jasho linamtoka, mvua ile na ubaridi ule wa Tukuyu. Bi Doreen alifunga jalada, akalifungua.

Nelson akainua mkono kama mwanafunzi. "Mheshimiwa, mimi si mwanasheria. Lakini hiki ndicho tulichomfukuzia. Akiingia msimamizi, yeye anaondoka. Mara kumi na moja tuliandika. Naomba hii iandikwe ya kumi na mbili."

Kesi aliyoipamba kwa kurasa tisa, mwajiri alikuwa ameishinda bila wakili, na shahidi wake mkuu alikuwa mlalamikaji mwenyewe.

"Wakili msomi," alisema Bi Doreen, na safari hii maneno yale mawili hayakuwa matamu. "Mlalamikaji asipokuwepo, kanuni zinaniruhusu kulifuta shauri hili. Nina mengine manne. Nakupa dakika kumi."

*

Hakuwa na mwavuli. Alizunguka choo, akapita nyuma ya stoo, akateleza, akashika mgomba, ukamwagia maji yote uliyokuwa umeyakinga. Aliwakuta upande wa nyuma wa jengo, chini ya ukingo wa bati, wamejibana kati ya ukuta na tenki la maji. Jenifer alikuwa analia bila sauti.

Zuber alifungua kinywa aseme. Lakini alikuwa amekimbia, na mwili wa suti ya bluu haukuwa mwili wa kukimbia. Pumzi haikutoka. Alishika magoti, akahema, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, wateja wake wakapata nafasi.

"Ni baba mkwe wangu," alisema Jenifer.

Zuber akahema.

"Ni baba yangu mzazi, wakili," aliongeza Alinanuswe. "Mzee Ambindwile. Kwetu mke wa mtoto hakai chumba kimoja na baba mkwe. Hamtazami, hapiti mbele yake, hata jina lake halitamki. Kuna familia zimeacha, na nyingine mzee anatoa mbuzi, wanafunguliwa mwiko huo, wanasalimiana kama watu wote. Sisi kwetu mbuzi hajapatikana. Ndiyo maana anakohoa. Anakohoa ili apishwe, asimfedheheshe mkwewe. Nyumbani hakuna shida, nyumba ina milango miwili. Kule kazini mstari ni mmoja."

"Mwezi ule alipopandishwa kuwa msimamizi tulifurahi wote," alisema Jenifer. "Nilimpikia kuku. Kesho yake akaja kukagua mstari, akakohoa. Ningefanyaje?"

Zuber alikuwa amezaliwa Tukuyu. Baba yake, Uwesu, alikuja na biashara ya chumvi akaoa hapohapo. Zuber alikua akila mbalaga na kuongea Kinyakyusa na watoto wenzake, na utotoni aliwaona kwa macho yake wanawake wakiingia migombani ghafla na mitungi yao kichwani, halafu mzee fulani anapita njiani akikohoa. Waliwacheka, wao watoto. Kwa hiyo hakuweza hata kujitetea kwamba ni mgeni. Alikuwa anajua. Alijua tangu ana miaka sita, na akaandika kurasa tisa kuhusu choo.

"Mbona hamkuniambia?" alisema, pumzi zimerudi.

Alinanuswe alijibu kwa upole, na upole huo ndio uliomuumiza. "Nilianza, wakili. Ukasema sheria haina sebule."

*

Alirudi ndani akidondosha maji sakafuni. Alilieleza jambo lote kwa Bi Doreen katika sentensi nne, na zilikuwa sentensi nne mbaya zaidi kwa sanaa na bora zaidi kwa manufaa alizowahi kuzisema mbele ya tume. Mzee Ambindwile aliinamisha kichwa kuthibitisha.

"Kwa hiyo mlalamikaji yupo," alisema Bi Doreen polepole. "Yupo, ila hawezi kuingia."

"Yupo nyuma ya tenki, mheshimiwa."

Msuluhishi aliwatazama mmoja mmoja. "Kusuluhisha si lazima watu waonane. Wanaweza kukaa mbalimbali, maneno yakaenda na kurudi. Nani atayapeleka?"

Zuber alimwita Alinanuswe, aliyekuwa amesimama kwenye kimlango. Yule kijana akatikisa kichwa. "Mimi ni mwana hapa na ni mume pale. Nikibeba maneno yao, nitayamwaga njiani."

Basi macho yote yakamgeukia wakili msomi katika suti yake iliyolowa.

"Upeleke yaliyosemwa," Bi Doreen alimwonya. "Usitie chumvi."

Mzee Ambindwile alisimama. Kwanza aligeukia ukuta, mgongo ukaelekea kimlango, kana kwamba hata maneno yake hayakupaswa kumtazama mkwe. "Mwambie nkamwana, mkwe wangu, kwamba kosa si lake. Mimi nilipopewa usimamizi nilitakiwa niseme. Niliona aibu. Nilijua huyu kijana," alimwonyesha Nelson kwa kidevu, "angecheka, angesema washamba hawa. Mwambie narudi kwenye mizani yangu pale getini. Yeye arudi mstarini, akajifungue kwa amani."

Koo la Zuber lilijaa mapambo. Aliyaona yamepanga foleni: *kujitoa mhanga, busara ya wazee, kielelezo kwa taifa*. Akayameza yote, akatoka kwenye mvua, akayafikisha maneno kama yalivyokuwa.

Jenifer aliyapokea, akafuta uso. "Mwambie hapana. Amepima kreti pale getini miaka tisa, kwenye mvua, na kifua chake kile. Tena ndiye aliyenitafutia kazi. Mshahara wa usimamizi ameupata mara mbili tu. Kama ni hivyo, mimi nakaa nyumbani."

"Mama, zile siku themanini na nne..."

"Nimesema hapana. Mpelekee."

Akampelekea. Mzee akatazama ukuta. "Mwambie nimeshazeeka, getini panatosha."

Akatoka. Hapo kwenye mgomba uleule akateleza tena, akakaa chini kabisa, tope hadi kiunoni, na kutoka dirishani akasikia Nelson akicheka. Aliinuka akiwa na jambo moja tu kichwani, kwamba panatosha, getini panatosha, asije akasahau.

"Mwambie mtoto anayekuja atataka babu mwenye kifua kizima," alisema Jenifer.

Akaingia. Akasema. Kofia ya mzee ilitulia mkononi, na mabega yake yakaanza kutikisika kidogo. Miaka minne alikuwa ameishi boma moja na binti yule, wakipishana kwa milango miwili, na haya ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya kwanza.

"Samahani," alisema Nelson. Alikuwa ameacha kucheka, ameacha pia kutazama saa. "Hivi, zamu ya mchana si ipo chini ya Agness? Huyu mama angehamia kwa Agness siku ileile. Ni fomu ya mistari miwili tu. Mzee abaki na cheo chake asubuhi, yeye aje mchana. Mbona hakuna aliyesema?"

Mzee Ambindwile alimjibu akiwa bado ametazama ukuta. "Hukuuliza, bosi. Wewe ulihesabu."

Nelson aliona haya waziwazi, masikio yakamwiva. Zuber alipata hamu kubwa ya kusimama na kusema neno kali kuhusu waajiri wanaojua kuhesabu na wasiojua kuuliza. Kinywa kilishafunguka. Halafu akakumbuka kiganja chake kikiwa hewani mbele ya uso wa Alinanuswe, akakifunga.

Makubaliano yaliandikwa ukurasa mmoja. Jenifer atarudi kazini wiki hiyohiyo, zamu ya mchana. Atalipwa siku zote alizokaa nyumbani. Likizo ya uzazi ataipata kamili. Nelson alisaini, Bi Doreen akasaini, na karatasi ikabaki inamsubiri mtu mmoja.

Zuber aliificha ndani ya koti, akaenda nayo nyuma ya tenki. Hapakuwa na meza wala kiti, na ukuta ulikuwa unatiririka maji. Basi aligeuka, akainama, akashika magoti, akatoa mgongo wake. Alinanuswe alitandika kanga ya mkewe juu yake ikiwa imekunjwa mara mbili, palipokauka pakatazama juu, na Jenifer akaiweka karatasi.

"Saini hapo chini," alisema Zuber akiwa ameinama.

"Ngoja nisome kwanza."

Alisoma mstari baada ya mstari, kwa sauti, kwa kidole. Alipofika penye siku themanini na nne akasoma mara mbili. Kiuno cha wakili kilikuwa kinawaka moto.

"Usitikisike, wakili," alisema Jenifer. "Kalamu inaruka."

Hakutikisika. Ilimjia akiwa hapo, maji yakimwingia kwenye ukosi, kwamba tangu asubuhi hii ndiyo kazi ya kwanza aliyoifanya bila kuharibu: kuwa meza. Alitaka kucheka, akaogopa kuharibu saini.

Mara upande wa mbele wa jengo pakasikika kikohozi, kile kirefu, cha taratibu. Mzee alikuwa anaondoka, na njia yake ilizungukia nyuma, ikapita mbele ya tenki. Jenifer aliivuta kanga yake mgongoni mwa wakili, akajibana ukutani, akafunika uso. Na Zuber Uwesu, wakili wa miaka kumi na minane, bila kuulizwa na mtu, alijikuta naye amechuchumaa nyuma ya tenki, amefumba macho, hadi nyayo zilipokwisha.

*

Mwezi wa nane, mchana mmoja, mtu alikohoa kwenye ngazi za ofisi. Zuber alinyanyuka kitini, akatazama huku na huku amfiche nani, halafu akajicheka peke yake.

Aliingia Mzee Ambindwile. Aliikataa benchi, akasimama mlangoni, kwa sababu mkononi alishika kamba, na mwisho wa kamba, kwenye ngazi, alikuwepo mbuzi dume mweusi, mnene, aliyekuwa ameanza kula kalenda ya ukutani.

"Ndaga, asante sana, wakili. Mtoto yupo. Wa kike. Wanasema anafanana na mimi, masikini. Mama yake bado yuko kwenye likizo yake, anakula mshahara amekaa." Mzee alitabasamu, kisha akakaza uso. "Nimetoa mbuzi kwenye mshahara wa usimamizi. Nataka kumfungua mkwe wangu, tusalimiane. Mtoto nimeletewa, nimempakata, lakini mama yake anasikiliza nyuma ya mlango. Imenichosha. Mbuzi huyu anatakiwa apelekwe na mtu, na maneno yake. Nimekuja kukutuma wewe."

Zuber alijua sababu. Alikuwa nayo tayari, nzima, imevaa suti: kwamba anatumwa kwa ajili ya elimu yake, kwa heshima ya taaluma, kwa ushindi ule mkubwa mbele ya tume. Aliishika ulimini. Akaketi, akaweka mikono juu ya meza.

"Mzee wangu, una ndugu, una majirani, una wazee wa kanisa. Kwa nini mimi?"

Halafu akanyamaza. Kunyamaza kule kulimgharimu zaidi ya kesi yoyote. Mbuzi alimaliza mwezi wa tisa, akaanza wa kumi. Mzee Ambindwile alizungusha kofia yake, akafikiri bila haraka, kama mtu aliyezoea kungojwa.

"Ndugu zangu wanaongea sana," alisema mwishowe. "Nikiwapa neno moja, linafika matatu. Wewe siku ile ulitoka na maneno yangu kwenye mvua, ukaanguka nayo kwenye tope, ukainuka, ukamfikishia vilevile. Hukuongeza hata moja la kwako. Mtu wa namna hiyo hapa Rungwe sijui kama tunaye mwingine."

Zuber alitazama dirishani, kwenye kibao chake kisichokuwa na herufi ya mwisho, na macho yakamwasha. Miaka yote watu walimsifu kwa kusema kwake, na hakuna sifa hata moja iliyowahi kumfika pale hii ilipomfika.

Akachukua mwavuli, safari hii hakusahau. Akafunga ofisi, akapokea kamba.

"Niambie, mzee," alisema. "Niende nikaseme nini?"